Je, wajua kwa nini gesi ileile humuumiza mmoja na kumwacha mwingine?

Watu wawili wanakula maharage ya sufuria moja usiku. Mmoja analala fofofo. Mwingine hadi saa nane yuko macho, tumbo limemjaa, amejikunja ubavu, anakwenda chooni na kurudi bila nafuu. Ukiuliza sababu, jibu liko mdomoni mwa kila mtu: huyu wa pili ana gesi nyingi. Siku hizi jibu hilo limevishwa koti la kisomo: ana bakteria wabaya wanaotengeneza gesi kupita kiasi, na akiwaondoa akaweka wazuri wa kununua kwenye kopo, atapona.

Ni jibu linaloingia akilini. Shida yake ni kwamba limewahi kupimwa.

Katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, timu ya Giles Major na Robin Spiller iliwakusanya watu wenye IBS, ugonjwa wa tumbo sugu nitakaoueleza hivi punde, pamoja na wengine wasio na tatizo lolote la tumbo. Kila mmoja alipewa kinywaji cha nusu lita, kwa siku tofauti. Siku moja kilikuwa na gramu 40 za glukosi, ambayo hufyonzwa bila matata. Siku nyingine fruktosi, sukari ya matunda na asali. Siku nyingine inulini, aina ya wanga usiomeng'enyeka unaopatikana kwenye vitunguu na ngano. Baada ya kunywa, waliingizwa kwenye mashine ya MRI tena na tena kwa saa kadhaa, kwa sababu MRI huonyesha maji na gesi vilivyomo tumboni bila kumchokoa mtu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Fruktosi ilivuta maji kwenye utumbo mwembamba. Inulini ilivuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachua, gesi ikapanda. Mpaka hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba maji yalipanda karibu sawa kwa makundi yote mawili, na gesi vilevile. Mtu aliyepata maumivu na mtu asiyesumbuka walikuwa, kwa wastani, wamebeba mzigo uleule. Kilichotofautiana ni namna utumbo ulivyoupokea mzigo huo.

Kwa wasiozifahamu herufi hizo tatu, IBS ni tumbo linalosumbua kwa miezi na miaka bila daktari kuona kidonda, uvimbe wala mdudu wa kulaumiwa. Kwa vigezo vilivyotolewa mwaka 2016, vinavyoitwa Rome IV, mtu awe na maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, maumivu yanayoambatana na kwenda haja kubwa au na mabadiliko ya choo: kimekuwa cha mara nyingi au cha nadra, cha majimaji au kigumu kama cha mbuzi. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, au dalili kuanza ukubwani mtu akishapita miaka 50, hayo si ya kuyaita IBS kabla ya kuchunguzwa sawasawa.

Huku kwetu ugonjwa huu una majina mengine mengi. Huitwa vidonda vya tumbo, huitwa amiba sugu, huitwa taifodi isiyoisha. Kipimo cha Widal kimechangia sana hilo la mwisho. Hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya maambukizi kwisha, hivyo mtu anaweza kusomeka ana taifodi kila akienda kupima huku anachoumwa ni kitu kingine. Anameza antibiotiki, anapata nafuu wiki mbili, anarudi. Mwingine ni mteja wa kudumu wa Flagyl, dawa inayolenga vimelea kama amiba pamoja na bakteria wasiohitaji oksijeni. Hao bakteria wasiohitaji oksijeni ndio wakazi wakuu wa utumbo mpana.

Turudi kwenye gesi, maana dhana hiyo ni ngumu kufa. Haikuzaliwa bure. Mwaka 1998 utafiti mdogo wa Uingereza ulionyesha kwamba wagonjwa wa IBS walitoa haidrojeni, gesi ya uchachu wa bakteria, kwa kasi kubwa kuliko wenzao, na kwamba lishe maalumu iliwapunguzia hali hiyo pamoja na dalili. Watafiti wa Barcelona nao walipuliza gesi moja kwa moja kwenye utumbo wa watu wakaona kuwa wengi wa wagonjwa walichelewa kuitoa. Kwa hiyo gesi si shahidi wa uongo, ila si mshitakiwa mkuu. Ushahidi wa hilo ulikuwepo tangu zamani: mwaka 1973 daktari Ritchie aliingiza puto kwenye sehemu ya chini ya utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wazima wa afya, kisha akalijaza hewa polepole. Puto lilipofika mililita 60, ambazo hazijazi hata kikombe kidogo cha kahawa, zaidi ya nusu ya wagonjwa walisikia maumivu. Kwa wale wengine walikuwa 6 tu katika kila 100. Hapo hakuna bakteria aliyetengeneza chochote. Hewa ni ya daktari, kiasi ni kilekile, na bado mmoja anaumia.

Ili kuelewa kinachotokea, fikiria mitambo ya sauti kwenye ukumbi wa arusi. Kuna mshereheshaji anayeongea, kuna kipaza sauti, na kuna fundi mitambo aliyekaa pembeni na vitufe vyake. Mshereheshaji ni gesi, maji, chakula kinachosukumwa: vitu vinavyogusa na kutanua ukuta wa utumbo mchana kutwa. Kipaza sauti ni neva zilizosambaa kwenye ukuta huo. Ukumbi wenyewe ni ubongo. Kwa kawaida fundi ameweka usikivu chini. Utumbo wako unatanuka na kujikunja hivi sasa unaposoma, na huna habari. Sauti ndogondogo haziingii ukumbini.

Sasa fundi akipandisha usikivu mpaka juu, mshereheshaji hajabadilika hata kidogo, lakini ukumbi mzima unasikia pumzi yake, kiti kinachoburutwa, kijiko kilichoanguka jikoni. Wageni wanaziba masikio na kumlaumu mshereheshaji kwamba anapiga kelele. Ukimwambia apunguze sauti utasaidika kidogo, na ndiyo maana kupunguza vyakula vya gesi huleta nafuu kwa wengi. Lakini hujamgusa fundi. Mpaka kitufe kishuke, hata mnong'ono utakuwa kero.

Basi swali la kweli si nani anapiga kelele, bali nani amekigusa kitufe. Na hapo bakteria wanarudi kwenye hadithi kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia.

Mwezi Mei mwaka 2000, mvua kubwa ilinyesha Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Maji yakasomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji, na dawa ya kusafisha maji haikutosha. Watu zaidi ya 2,300 waliugua kwa bakteria wa E. coli na Campylobacter, 7 wakafariki. Ni msiba, lakini kwa watafiti ulikuwa pia nafasi isiyo ya kawaida: watu wengi wa mji mmoja waliougua kwa wakati mmoja, tarehe ikijulikana, na majirani wasiougua wakiwa papo hapo wa kulinganisha. Miaka miwili hadi mitatu baadaye, kati ya wale ambao kuharisha kwao kulikuwa na kumbukumbu za kitabibu, zaidi ya thuluthi walikuwa na dalili za IBS. Kwa majirani wasiougua ilikuwa kama mmoja kwa kumi. Miaka minane baada ya tukio idadi ilishuka sana, ila pengo kati ya makundi hayo mawili halikuzibika.

Bakteria wa Walkerton walikuwa wameshatoka tumboni siku nyingi. Walipita, wakapandisha kitufe, wakaondoka.

Uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti za namna hii, uliotoka mwaka 2017, ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kumi wanaopata maambukizi ya tumbo huishia na IBS. Kwa maambukizi ya vimelea kama giardia kiwango kilivuka 40%, takwimu ambayo ingetuhusu sana sisi tunaoishi na giardia na amiba, lakini isimame kwa tahadhari: ilitokana na tafiti chache mno. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake, kwa wenye wasiwasi mwingi, na kwa waliopewa antibiotiki wakati wa kuugua. Hilo la antibiotiki pia si la kulidaka haraka, kwani mara nyingi wanaopewa ni wale waliougua vibaya zaidi.

Kitufe kinapandishwaje? Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Leuven, Ubelgiji, kwenye maabara ya Guy Boeckxstaens, mwaka 2021. Watafiti waliwapa panya protini ya ute wa yai wakati panya hao wakiwa na maambukizi ya bakteria tumboni. Maambukizi yakapona. Baadaye wakapewa tena ute uleule, chakula kisicho na kosa, na utumbo wao ukawa mwepesi wa maumivu. Panya waliokula ute bila maambukizi hawakudhurika, na waliougua bila ute nao hawakudhurika. Inaelekea kwamba katikati ya vita, kinga ya mwili ilikiandika chakula kilichokuwa jirani kwenye orodha ya maadui. Tangu hapo kila kikija, seli za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo humwaga histamini, kemikali ya mzio, nayo huzifanya neva za pale ziwe na usikivu mkali.

Ni mzio, lakini wa mahali pamoja tu. Kipimo cha damu cha mzio hakiuoni. Ili kuuona kwa binadamu, timu hiyo ilidunga kiasi kidogo cha ngano, gluteni, soya na maziwa kwenye ukuta wa ndani wa utumbo wa wagonjwa 12 wa IBS. Wote 12 walionyesha mwitikio kwa angalau kimoja. Kati ya watu 8 wenye afya, wawili tu. Ni watu 20 kwa jumla, idadi isiyojaza daladala, kwa hiyo tusiuchukue kama mwisho wa mjadala.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na wenzao waliongeza kipande kingine. Walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakawapandikizia bakteria wa kinyesi cha wagonjwa wa IBS. Waliopokea kutoka kwa wagonjwa wenye histamini nyingi kwenye mkojo wakapata utumbo wenye maumivu. Mtengenezaji mkuu wa histamini hiyo alitambuliwa: bakteria aitwaye Klebsiella aerogenes. Na panya walipolishwa chakula chenye wanga kidogo wa kuchachuka, histamini ilipungua. Yaani bakteria wenyewe wanaweza kuwa na kidole kwenye kitufe, kwa kemikali wanayotoa wala si kwa gesi. Tahadhari ni ileile: si kila mgonjwa ana bakteria huyu kwa wingi, na panya si mtu.

Ukiangalia utafiti wa miaka hii, utaona umehama kwenda upande huo. Miaka ya mwanzo ya kusoma vinasaba vya bakteria kwa bei nafuu, matumaini yalikuwa kupata orodha: hawa wakizidi, hawa wakipungua, hiyo ndiyo IBS. Mapitio ya tafiti 24 yaliyotoka mwaka 2019 yalipata mwelekeo wa jumla, kwamba wagonjwa huwa na Bifidobacterium na Faecalibacterium pungufu na jamii ya Enterobacteriaceae zaidi. Lakini tafiti zenyewe zilikuwa zikipishana kila mahali. Hakuna bakteria ambaye ukimkuta au ukimkosa unaweza kutamka kwamba mtu huyu ana IBS. Vipimo vya kinyesi vinavyouzwa mtandaoni vyenye ripoti ya rangi nyekundu na kijani vinatamka hata hivyo.

Na hapa dhana ya bakteria wazuri na wabaya inaanza kuchekesha. Bifidobacterium ndiye kipenzi cha watengenezaji wa probiotiki, wale bakteria wa kununua kwenye kopo, mzuri kuliko wazuri. Lakini lishe inayowapa wagonjwa wengi wa IBS nafuu, ile ya Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, inayojulikana kama FODMAP ya chini, yaani yenye wanga kidogo wa kuchachuka, humpunguza bakteria huyohuyo. Sababu ni kwamba inamnyima inulini na jamaa zake, ambavyo ndivyo chakula chake. Mgonjwa anajisikia vizuri zaidi huku mzuri wake akipungua.

Kichekesho cha pili kipo Tanzania. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa bakteria wa tumbo wa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa maeneo ya ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, asali, matunda ya ubuyu na nyama ya porini. Wana aina nyingi za bakteria kuwazidi Waitaliano waliolinganishwa nao. Na Bifidobacterium, kwa watu wazima hao, hakuonekana. Badala yake walijaa Treponema, ukoo ambao huko mijini hutajwa kwa sababu una mwanafamilia aletaye kaswende. Wahadzabe hawaugui kwa kuwa nao. Bakteria hupimwa kwa kazi anayofanya katika mazingira yake, na kazi hiyo hubadilika kwa chakula anachokuta mezani.

Kama bakteria ndio tatizo lote, dawa ingekuwa kuwabadilisha wote kwa mkupuo, na hilo limejaribiwa: kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya. Norway, mwaka 2020, timu ya Magdy El-Salhy iliwapa wagonjwa kinyesi cha mwanamume mmoja aliyechaguliwa kwa makini, mfanya mazoezi, asiyevuta sigara, aliyetumia antibiotiki mara chache maishani. Wagonjwa walikuwa 165. Kati ya waliopewa gramu 60, karibu 89% walipata nafuu. Kati ya waliorudishiwa kinyesi chao wenyewe bila kujua, kama 24%. Matokeo ya kuvutia mno. Ila miaka miwili kabla, Denmark, watafiti waliwapa wagonjwa vidonge 25 vya kinyesi kila siku kwa siku 12, wengine wakipewa vidonge bandia. Bakteria za waliopewa kinyesi zilibadilika kweli, aina zikaongezeka. Waliopata nafuu zaidi ni wa vidonge bandia.

Sijui kama kuna matokeo yanayofundisha kuliko hayo ya Denmark. Mshereheshaji alibadilishwa, na ukumbi haukutulia. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2021 ulishauri tiba hiyo isitumike kwa IBS kwa sasa. Kuhusu probiotiki hata madaktari wenyewe hawasemi lugha moja: Waingereza wanasema jaribu hadi wiki 12, usipoona tofauti acha, Wamarekani wa shirika lao la gastroenterolojia walisema mwaka 2020 zitumike ndani ya majaribio ya kitabibu tu.

Kinachobaki mikononi mwa mgonjwa wa kawaida ni kumpunguzia mshereheshaji sauti kwa muda. Lishe ya Monash haikukusudiwa kuwa ya maisha. Mtu hupunguza wiki chache, kisha hurudisha chakula kimoja kimoja ili ajue kipi kinamgusa, kwa sababu kukaa humo milele ni kuwashindisha njaa bakteria pamoja na wewe. Ugali wa mahindi, wali na sukuma wiki havina shida kubwa. Chapati za ngano, maharage, vitunguu na vitunguu saumu ndivyo vya kuangaliwa. Ndizi iliyoiva sana ina wanga wa kuchachuka mwingi kuliko ile ngumu kidogo. Maharage yakilowekwa na maji yake kumwagwa, sehemu ya wanga unaochachuka huondoka na maji.

Kwa kitunguu saumu kuna hila nzuri zaidi. Wanga wake unayeyuka kwenye maji, hauyeyuki kwenye mafuta. Kikaange kwenye mafuta matupu mpaka kinukie, kisha kiopoe, ladha ibaki. Kiopoe kabla ya nyanya kuingia sufuriani, maana nyanya ni maji.